Barua kwa Wakili: Madeni yamenizidi, je, nikubali kutangazwa muflisi?

*Wakili, salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, nauza mitumba Kongowea. Biashara ilikwenda vizuri nikaingia tamaa ya kuongeza marobota kwa mkopo wa benki. Bei ya marobota ikapanda, nguo zikalala, nikaanza kukopa huku ili nilipe kule. Leo benki inanidai Sh740,000, na nilipoacha kulipa nilikuwa nimebakisha Sh330,000. Sacco wananidai Sh620,000. Akiba yangu kwao ni Sh190,000 na nimedhaminiwa na watu watatu, mmoja wao wifi yangu. Kikundi cha mikopo midogo ni Sh180,000, anayenipa marobota Sh210,000, shailoki (mkopeshaji binafsi wa riba kubwa) Sh150,000, na zile programu za simu zote pamoja Sh96,000.*

*Kwa mwezi nikitoa gharama nabaki na kama Sh18,000, kodi ya nyumba peke yake ni Sh8,000. Sina mali ila kiwanja kidogo Mariakani, sijapata hati, nina makubaliano ya mauzo tu. Nikikiuza hakizidi Sh350,000. Kaka yangu ananiambia nimwandikishe yeye kabla hawajakifikia. Mawakili wa benki wameniletea barua ya siku 21. Jirani anasema nitapelekwa gereza la Shimo la Tewa. Mume wangu ni bawabu wa usiku, hajui hata nusu ya haya. Nilisikia redioni kwamba mtu anaweza kutangazwa amefilisika na madeni yakafutwa. Je, ni kweli? Na ni ya watu kama mimi, au ni ya matajiri?*

*Mama Watatu, Kisauni*

Aleikum salaam, dada yangu. Nianze na la jela, maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Kudaiwa si jinai. Hakuna askari atakayekuja kukukamata kwa sababu umeshindwa kulipa Sacco. Ni kweli kipo kifungo cha kesi ya madai na kinaweza kufika miezi sita, lakini safari ya kukifikia ni ndefu. Mdai akushtaki, ashinde, aombe kutekeleza hukumu, kisha uitwe mbele ya hakimu ueleze kwa nini usifungwe. Hapo korti inauliza: huyu anacho na anakataa kulipa? Ameficha mali? Anajiandaa kutoroka? Asiye nacho, na akathibitisha kwamba hana, hafungwi kwa umaskini wake. Tena mdai anayetaka ufungwe ndiye anayelipia matunzo yako humo ndani, na ukitoka deni bado liko palepale. Wengi hutishia tu. Lakini wito wa korti ukikufikia, nenda, hata kama huna nauli ya kurudi. Wengi niliowaona wakiingia gerezani kwa deni ni wale waliokunja karatasi wakaitia chini ya godoro, hakimu akaamua bila kuwasikia.

Sasa barua ya siku 21. Hiyo usiichukulie kama barua nyingine za kudai. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mdai ambaye deni lake limefika Sh250,000 anaweza kukupa notisi rasmi. Siku 21 zikipita hujalipa, hujakubaliana naye wala hujaipinga kortini, sheria inachukulia kwamba huwezi kulipa, na yeye anaweza kuiomba Mahakama Kuu ikutangaze muflisi. Benki na Sacco wamefikia kiwango hicho. Shailoki wako hajafikia, akisema atakufilisi peke yake anakuogofya. Kwa hiyo jambo la kwanza wiki hii ni kuijibu benki kwa maandishi, na kuijibu kwa hesabu.

Na hesabu yao ina tatizo. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaweka kikomo: mkopo ukishakwama, riba inayoweza kudaiwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku ulipokwama. Wewe ulikuwa umebakisha Sh330,000. Riba haiwezi kupita Sh330,000 nyingine. Jumla ni Sh660,000, na juu ya hapo ni gharama halali za kufuatilia deni tu. Wao wanadai Sh740,000. Hizo Sh80,000 za juu waulize ni za nini, wakupe risiti moja moja. Omba taarifa kamili ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza. Ni haki yako. Mimi nikikaa na mteja mwenye deni la benki huwa naanza na karatasi hiyo kabla ya kumwambia chochote, kwa sababu mara nyingi mtu anakimbia deni ambalo si saizi yake.

Tuseme benki imekubali Sh660,000. Sacco watakata akiba yako ya Sh190,000, watabaki wakidai Sh430,000. Hapo jumla ya madeni yako yote ni Sh1,726,000. Ukiuza kiwanja ukalipa Sh350,000, inabaki Sh1,376,000. Umeniambia unabaki na Sh18,000 kwa mwezi. Ukitoa kodi, chakula na shule, ukijibana sana, unaweza kutoa Sh4,000. Kwa kasi hiyo, hata riba zote zikisimama leo, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 28. Utakuwa na miaka 71.

Nimeifanya hesabu hii hadharani kwa makusudi, dada yangu, kwa sababu utaambiwa na wengi "zungumza nao ulipe polepole". Kuzungumza ni vizuri. Lakini kuahidi kulipa yote kwa Sh4,000 ni kujidanganya na kuwadanganya wao, na miezi mitatu baadaye utakuwa umekopa tena kwenye simu ili utimize ahadi. Deni lako limevuka mahali pa bidii. Ndiyo maana sheria ya ufilisi iliwekwa, na jibu la swali lako ni: ndiyo, ni ya watu kama wewe.

Sheria hii ya 2015 ina milango zaidi ya mmoja. Upo mlango mwepesi kabisa, utaratibu wa wasio na mali. Unapeleka ombi na taarifa ya hali yako ya fedha kwa Mpokezi Rasmi, yaani afisa wa serikali anayesimamia ufilisi, ambaye ofisi yake iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS. Huhitaji kwenda kortini. Madeni yako yawe kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, usiwe na mali ya kuuzwa, usiwe na uwezo wa kulipa hata sehemu, na usiwe umewahi kufilisika. Ukikubaliwa, wadai wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 madeni yale yanafutwa. Kwa kiasi cha deni unaingia. Kinachokuzuia ni kiwanja cha Mariakani, pamoja na hizo Sh4,000 ukisema unaweza kuzitoa.

Najua sasa unamfikiria kaka yako. Tafadhali nisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Usimwandikishe. Ukijaza ile taarifa ya hali ya fedha utaulizwa una nini, na pia utaulizwa ulikuwa na nini na umempa nani. Mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa wakati mtoaji tayari ameshindwa na madeni inaweza kurudishwa na msimamizi wa ufilisi, hata kama ina jina la mtu mwingine. Na kuficha mali kwa nia ya kuwanyima wadai ndiko kunakoweza kugeuza deni, ambalo si kosa, kuwa kosa la jinai. Fundi mmoja wa Changamwe aliwahi kumwandikisha shemeji yake tuktuk wiki chache baada ya kupata notisi kama yako. Tarehe ya kubadilisha umiliki ilikuwa imepigwa kwenye karatasi, iko pale pale, mtu yeyote anasoma. Tuktuk ilirudi ikauzwa, shemeji akakosana naye, na wadai waliokuwa tayari kumsikiliza wakakataa hata kukaa naye meza moja. Makubaliano yako ya Mariakani nayo yana tarehe, yana mashahidi, na mzee wa kijiji anakumbuka nani alilipa.

Ushauri wangu ni kukigeuza kiwanja hicho kiwe nguvu yako. Mlango wa pili ni mapatano ya hiari na wadai. Mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni anakusaidia kuandika pendekezo moja kwa wadai wote, korti inaweza kutoa amri ya muda ya kuwazuia wasikushtaki wala kukuletea dalali wakati pendekezo linajadiliwa, kisha wanapiga kura. Likipita, linawafunga hata waliokataa, isipokuwa mwenye dhamana maalumu, na wewe kwa bahati hakuna aliyeshika mali yako kwa dhamana.

Pendekezo lako liwe hivi: kiwanja kiuzwe waziwazi, Sh350,000 zigawanywe kwa wote kulingana na anachodai kila mmoja, na wewe utoe Sh4,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, ambazo ni Sh144,000. Jumla Sh494,000. Kila shilingi ya deni inapata kama senti 29. Wakikataa na ukafilisiwa, watagawana kiwanja tu, senti 20 kwa shilingi kabla ya gharama za ufilisi, na huenda nyongeza kidogo kutoka kwa kipato chako kama msimamizi ataona unaweza. Mdai anayejua kuhesabu ataona faida iko wapi. Weka hesabu hiyo kwenye karatasi, usiwaombe huruma. Benki haina moyo wa kuhurumia, ina kamati ya mikopo.

Wakikataa, basi ingia mlango wa tatu mwenyewe usingoje kusukumwa. Mdaiwa anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze muflisi. Amri ikitoka, mali yako inaingia mikononi mwa msimamizi, wadai wanakoma kukufuata mmoja mmoja, na kila mtu anapeleka dai lake kwake. Hawachukui nguo zenu, matandiko, vyombo vya kawaida vya nyumbani wala vifaa unavyofanyia kazi. Meza yako ya Kongowea, na cherehani ya kurekebishia nguo kama unayo, vinabaki. Ukishawasilisha taarifa yako ya fedha kwa ukamilifu, miaka mitatu inaanza kuhesabiwa. Ikiisha bila pingamizi, unafunguliwa na madeni yaliyokuwepo yanafutika, isipokuwa ya aina chache kama yale yaliyopatikana kwa ulaghai na matunzo ya watoto. Tazama: miaka inahesabiwa tangu *uwasilishe* taarifa. Anayeiweka kwenye mkoba mwaka mzima anajiongezea mwaka mzima.

Sitakuficha uzito wake. Jina lako litatangazwa. Katika miaka hiyo hutakopa bila kumwambia anayekukopesha kwamba wewe ni muflisi. Hutaendesha biashara wala kusafiri nje ya nchi bila idhini, kwa hiyo kibanda chako utaombea ruhusa. Hutakuwa mkurugenzi wa kampuni mpaka korti iruhusu. Na Katiba haimruhusu muflisi ambaye hajafunguliwa kuwa mbunge au mwakilishi wa wadi. CRB, yaani ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, wataandika, ingawa kwa mikopo uliyokwishakwama nayo nadhani jina lako liko huko tayari. Kuna gharama pia, za korti, za tangazo na za wakili. Kabla ya kumlipa mtu, pita Kituo Cha Sheria, wana ofisi Mombasa, au uulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Wadhamini wako ndio mahali panaponiuma. Kufilisika kunakuokoa wewe, hakuwaokoi wao. Sacco watawageukia wale watatu kwa Sh430,000 zilizobaki, na kama watagawana sawa ni kama Sh143,000 kwa kila mmoja. Wifi yako asikie habari hii kutoka kinywani mwako, kabla ya kuona mshahara umekatwa. Watakukasirikia. Bado ni haki yao kujua mapema wajipange, na kama mapatano ya hiari yakipita na Sacco wakapata sehemu yao, mzigo wao unapungua. Hii ni sababu nyingine ya kujaribu mlango wa pili kwanza.

Kuhusu programu za simu: zikikutukana au kuwapigia watu walio kwenye simu yako, hifadhi picha za ujumbe na rekodi ya simu. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza kutisha, kutumia lugha ya matusi na kuwasumbua jamaa zako, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza faini ya karibu Sh3 milioni kampuni moja ya mikopo ya simu kwa mambo ya namna hiyo. Shailoki naye hana ruhusa ya kuingia kwako kubeba friji. Anayebeba mali ni dalali mwenye leseni, na kwa vitu vya nyumbani anakuorodheshea kwanza, anakupa siku saba. Akija mtu bila karatasi, mfungie mlango uite majirani.

Mume wako hakutia sahihi mkopo wowote kati ya hii, kwa hiyo madeni si yake. Lakini mwambie. Mwambie akiwa amelala akaamka, si asubuhi anaporudi kazini, na umwonyeshe karatasi zote kwa pamoja. Taarifa ya fedha inauliza kipato cha nyumba nzima, atajua tu. Afadhali ajue kwako, na afadhali mbebe wawili. Kama kuna usiku fikra zinakuwa nyeusi kuliko deni lenyewe, mwamshe mtu usiku huohuo. Hakuna deni kati ya hayo sita lenye thamani ya mama wa watoto watatu.

*Wakili, mimi ni mfanyabiashara, Muislamu. Nimeshauriwa kuomba kufilisiwa. Korti ikifuta deni, je, mbele ya Mungu nimelipa? Naogopa kufa na haki za watu.*

*Mzee wa Langoni, Lamu*

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni wakili, si sheikh, na hili utalimaliza na kadhi au mwanachuoni unayemwamini. Ninachoweza kukuambia ni mambo mawili kutoka upande wangu. Amri ya korti inamzuia mdai kukulazimisha. Haikuzuii wewe kumlipa. Ukifunguliwa, Mungu akikufungulia na riziki, nenda kwa aliyekukopesha umpe chake. Nimeona watu wakifanya hivyo na hakuna sheria waliyovunja. Lakini wakati ungali chini ya ufilisi usimlipe mmoja kwa siri ukawaacha wengine, hilo litabatilishwa.

La pili, dini yenyewe haikumwacha mwenye dhiki. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mdai amngoje mdaiwa mwenye shida mpaka apate wepesi, na kusamehe kukatajwa kuwa ni bora zaidi. Na katika makundi manane yanayostahiki zaka, wenye madeni wamo. Umekuwa ukitoa zaka miaka yote, mzee wangu. Kuipokea mwaka huu si aibu, muulize imamu wako.

*Wakili, niko Dallas, Texas, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kadi za mkopo zimefika dola 38,000 na hospitali dola 11,000 baada ya upasuaji. Nimeambiwa nifungue Sura ya 7, ule ufilisi wa Marekani wa kufutiwa madeni. Nina green card, naogopa kuipoteza. Tena nina kiwanja Mtwapa, kiko kwa jina la mama ingawa nililipa mimi. Rafiki zangu wanasema korti ya Marekani haiwezi kukijua, ninyamaze. Mama namtumia dola 300 kila mwezi, na mwezi wa Januari nilimrudishia ndugu yangu dola 5,000 alizonikopesha.*

*Mpwani wa Dallas*

Ndugu yangu, marafiki zako wanakupeleka pabaya. Sheria ya ufilisi ya Marekani inahesabu mali yako popote ilipo duniani, na yeyote aliyeishika. Kiwanja ulicholipia wewe, na familia nzima inajua ni chako, lazima ukieleze, jina la mama likiwemo. Fomu unazitia sahihi chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na kuficha mali ni kosa la serikali kuu lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Hapo ndipo karatasi zako za ukaazi zingeingia hatarini. Kufilisika kwenyewe si sababu ya kunyang'anywa green card wala kunyimwa uraia. Udanganyifu ndio wenye hatari.

Na kukitaja si lazima kukipoteza. Texas inakuruhusu kuchagua kati ya orodha ya jimbo ya mali zisizoguswa na orodha ya serikali kuu, na hii ya pili ina fungu unaloweza kulielekeza kwenye mali yoyote hadi kiwango fulani. Ile ya Texas inalinda sana nyumba unayoishi, lakini kama umepanga, haikusaidii. Kuna pia uwezekano kwamba msimamizi aone kuuza kiwanja cha Mtwapa kutoka Dallas kuna gharama na usumbufu kuliko faida, akakiachia. Ili afike hapo anahitaji makadirio ya bei yaliyoandikwa na mthamini wa huku, na nakala ya hati. Vipate mapema. Thamani ikiwa kubwa na hutaki kukipoteza, mwulize wakili wako kuhusu Sura ya 13, ambayo unalipa sehemu ya deni kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano na kubaki na mali.

Dola 5,000 za ndugu yako ndizo zitakazoleta maswali. Malipo ya deni kwa jamaa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua faili yanaweza kudaiwa yarudi, wagawane wadai wote. Mweleze wakili wako tarehe kamili. Wakati mwingine kungoja miezi kadhaa kabla ya kufungua faili kunabadilisha mambo, na uamuzi huo ni wake na wako baada ya kuona kila kitu. Dola 300 za mama hazina ubaya, lakini fomu inauliza zawadi zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja katika miaka miwili iliyopita, nawe kwa mama umepita hapo mara nyingi. Chapisha risiti za kutumia pesa, ziandike.

Mengine ni mepesi. Kabla ya kufungua faili unachukua somo la ushauri wa madeni kwa shirika lililoidhinishwa, ndani ya siku 180. Ada ya korti kwa Sura ya 7 ni dola 338, unaweza kuomba kuilipa kwa awamu. Siku unapofungua, simu za wadai zinatakiwa kukoma papo hapo. Utakutana na msimamizi mara moja, mara nyingi mazungumzo mafupi tu. Kiingereza kikikupiga chenga mbele yake, una haki ya mkalimani, uombe mapema. Kwa kawaida miezi minne hivi unakuwa umemaliza. Rekodi inakaa kwenye ripoti yako ya mikopo hadi miaka 10. Bili ya hospitali na kadi zinafutika. Kama kuna matunzo ya mtoto, hayafutiki.

*Wakili, nilimdhamini mwalimu mwenzangu kwenye Sacco. Amefilisika kortini. Sasa wananikata mimi Sh9,000 kila mwezi. Sina la kufanya?*

*Mwalimu, Voi*

Unalo. Waandikie Sacco wakuonyeshe kwamba akiba ya mwenzako ilikatwa yote kwanza kabla ya kukugeukia, na kwamba wadhamini wengine wanakatwa pia. Huwa naona mdhamini mwenye payslip safi akibebeshwa peke yake kwa sababu ni rahisi kumkata. Kisha kila shilingi unayolipa inakufanya wewe kuwa mdai wa yule mwalimu. Peleka dai lako kwa msimamizi wa ufilisi wake, pamoja na payslip zinazoonyesha makato, kabla mali haijagawanywa. Hutapata yote. Jina la msimamizi na namba ya kesi vimo kwenye tangazo la amri ya ufilisi. Ukikosa tangazo, uliza BRS kwa jina lake kamili na namba ya kitambulisho, ambayo Sacco wanayo kwenye fomu uliyotia sahihi.